MAELEZO NI SEHEMU YA TIBA: Tamko kuhusu kueleza istilahi za afya na sayansi kwa Kiswahili kinachoeleweka

UTANGULIZI

Sisi, wanachama wa chama kinachowaunganisha waandishi wa habari za afya na sayansi, wafasiri, matabibu, wauguzi, wafamasia na walimu wa Kiswahili, katika kuadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani, Julai 7, tunatoa tamko hili kwa wananchi, kwa wanataaluma wenzetu na kwa mamlaka zinazosimamia afya, elimu na utafiti.

Hoja yetu ni moja. Mgonjwa aliyepewa dawa sahihi lakini akaondoka hajui anaumwa nini, dawa ile inafanya kazi gani na aimeze vipi, amehudumiwa nusu. Kumweleza si hisani ya mhudumu mwenye moyo mzuri, wala si kazi ya kusubiri foleni ipungue. Ni sehemu ya tiba, sawa na kipimo, kidonge na sindano. Na maelezo hayo hayakamiliki kwa kuondoa neno la Kiingereza na kuweka mahali pake neno la Kiswahili ambalo mgonjwa naye halijui.

TULIPOFIKA

Tunaanza kwa kutambua kazi iliyokwisha kufanyika. Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na tangu hapo limesanifu istilahi za nyanja nyingi. Iliyokuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo leo ni Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, TATAKI, ilitoa Kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na baadaye Kamusi ya Tiba. Anayedai kwamba Kiswahili hakina maneno ya sayansi hajazifungua kamusi hizo.

Tunatambua pia kwamba wananchi wenyewe, lugha inapowafikia vizuri, huipokea upesi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Jina lililopatikana, Upungufu wa Kinga Mwilini, lilibeba maelezo ndani yake: aliyelisikia likitajwa kwa kirefu alijua mara moja kwamba kinachopungua ni kinga. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, haikupita miezi mingi maneno barakoa, vitakasa mikono na karantini yakawa midomoni mwa makondakta, wauza samaki na watoto wa shule. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilibadili sheria, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, na mwezi Novemba mwaka huohuo UNESCO ikaitangaza Julai 7 kuwa siku ya lugha yetu duniani.

Kwa hiyo lugha ipo, na uwezo upo. Kinachopungua ni desturi ya kueleza. Daktari wa Tanzania husoma kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza hadi anapohitimu chuo. Anaandika kwenye faili kwa Kiingereza na kujadiliana na wenzake kwa Kiingereza. Halafu anageuka kumkabili mama mwenye mtoto mgongoni, na hapo anatakiwa, bila kufundishwa hata siku moja, ayageuze yote yale kuwa maneno ya nyumbani katika dakika chache. Wengi wanajitahidi, na tunawaheshimu. Lakini jitihada ya mtu mmoja mmoja haiwezi kuchukua nafasi ya utaratibu.

HALI ILIVYO

Ili tamko hili lisibaki juu juu, tunaeleza maeneo machache ambako maelezo hafifu yanaleta madhara yanayoonekana kwa macho.

Saa za kumeza dawa. Kwenye dirisha la dawa, bahasha huandikwa 1×3, na mgonjwa huambiwa "moja kutwa mara tatu". Anayesikia "kutwa" huhesabu mchana: asubuhi, adhuhuri, jioni, basi. Usiku mzima unapita bila dawa. Kubwa zaidi ni hesabu yetu ya saa. Tuchukue dawa mseto ya malaria. Mtu mwenye kilo 35 au zaidi humeza vidonge 24 kwa mikupuo 6 ndani ya siku 3: vidonge 4 mara anapoanza, vingine 4 zikishapita saa 8, kisha 4 asubuhi na 4 jioni kwa siku 2 zinazofuata. Sasa mgonjwa ameanza dawa saa 4 asubuhi, naye ameambiwa, "Meza tena baada ya saa nane." Mwenye kuzungumza Kiswahili ana haki ya kuelewa saa nane mchana, yaani akameza mkupuo wa pili baada ya muda wa saa 4 tu. Alichopaswa kuambiwa ni hiki: "Umemeza saa nne hii ya asubuhi, vingine vinne utameza saa kumi na mbili jioni, baada ya kula chakula chenye mafuta kidogo au kunywa maziwa. Kesho na keshokutwa, vinne asubuhi na vinne jioni." Hakuna istilahi hata moja humo, na hakuna pa kukosea.

Majibu ya vipimo. Katika maabara, chanya maana yake kilichotafutwa kimepatikana. Mtaani, chanya ni jambo jema: mtazamo chanya, maendeleo chanya. Anayepewa karatasi yenye neno hilo bila maelezo anaweza kwenda nyumbani na furaha isiyo yake, na aliyeandikiwa hasi akalala macho usiku kucha bila sababu. Tunasema: jibu lisemwe kwa sentensi kamili. "Kipimo kimeonyesha kwamba una vimelea vya malaria." "Kipimo hakikuonyesha maambukizi ya virusi vya UKIMWI. Urudi upimwe tena tarehe hii, kwa sababu maambukizi ya karibuni huenda yasionekane mara moja."

Hapohapo tunazungumzia habari njema ya zama zetu ambayo bado haijaelezwa vya kutosha. Dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, zikimezwa ipasavyo, hushusha virusi hadi kipimo kisiweze kuvigundua, na mtu aliyefikia hapo na kubaki hapo hamwambukizi mwenza wake kwa njia ya ngono. Shirika la Afya Duniani limelisema hilo waziwazi. Lakini anayeambiwa tu kwamba "virusi havionekani" anaweza kuelewa kwamba vimekwisha, akaacha dawa. Lazima aambiwe yote mawili kwa pumzi moja: virusi ni vichache mno kiasi kwamba kipimo hakivioni na hutamwambukiza mwenza wako; ila vimejificha mwilini, na ukiacha dawa vitaongezeka tena.

Presha na kisukari. Watu wengi wanaposema "usinipandishe presha" wanazungumzia hasira na wasiwasi. Basi mgonjwa anapoambiwa ana presha, anaitafuta katika fikra zake: siku akiwa mtulivu anajiona amepona, na dawa anaiweka kabatini. Shinikizo la damu linaelezeka hivi: moyo unasukuma damu kama pampu inavyosukuma maji kwenye mpira, msukumo ukizidi kwa miaka, mpira unachakaa hata kama kwa nje hauonyeshi tatizo. Namba ya juu ni msukumo moyo unapobana, ya chini ni msukumo moyo unapolegea. Presha ikipimwa siku tofauti na kukutwa 140 kwa 90 au zaidi, hapo pana ugonjwa, na mara nyingi mwenyewe hajisikii chochote mpaka kiharusi kigonge. Akishaelewa kwamba ugonjwa huu haumsemeshi mtu, ataelewa pia kwa nini dawa humezwa hata siku anapojisikia mzima.

Kwa kisukari, mgonjwa hupimwa sukari ya asubuhi kabla ya kula, na mara kwa mara hupimwa kipimo kingine kinachoonyesha wastani wa sukari katika miezi 2 hadi 3 iliyopita. Wapo wanaojinyima siku mbili kabla ya kliniki ili wapate namba nzuri. Wasilaumiwe. Hawajaelezwa kwamba kipimo cha pili hakidanganyiki kwa siku mbili, na kwamba lengo la kliniki si kumpa mtu alama za kufaulu au kufeli bali kuyalinda macho, figo na miguu yake.

Vijidudu na dawa za kuua bakteria. Kwa miaka mingi elimu yetu ya afya imevitia virusi, bakteria, fangasi na vimelea vya malaria katika kapu moja la "vijidudu". Urahisi huo umetugharimu. Mwenye mafua anakwenda duka la dawa kununua vidonge vya rangi mbili ili aue vijidudu, na muuzaji anampa hata nusu dozi kulingana na fedha aliyonayo. Mafua huletwa na virusi, na dawa za kuua bakteria haziviui virusi. Kila zinapotumiwa pasipohitajika, bakteria walio mwilini hupata nafasi ya kuizoea dawa, na siku mtoto atakapopata nimonia ya kweli dawa ileile huenda isimsaidie. Hali hiyo wataalamu wanaiita usugu wa vimelea dhidi ya dawa, kwa kifupi UVIDA. Jina ni zuri, lakini bango lililoandikwa "Pambana na UVIDA" halimwambii mnunuzi afanye nini. Bango na liseme: "Mafua hayahitaji dawa ya kuua bakteria. Usinunue bila cheti. Usigawane dozi na mwenzako."

Degedege. Mtaalamu anaposikia mtoto amekakamaa, macho yamegeuka, mwili unatetemeka, anawaza malaria kali au homa kali nyingine. Katika jamii nyingi za pwani na bara, hali hiyo inaitwa degedege, na wapo wazee wanaoamini kwamba si ya hospitali. Tangu miaka ya 1990 watafiti waliofanya kazi Bagamoyo walionyesha kwamba mama yuleyule anayemkimbiza mtoto mwenye homa zahanati anaweza kumpeleka kwa mganga mtoto mwenye degedege, kwa kuwa kwake ni magonjwa mawili. Bango linalosema "Malaria kali ni hatari, wahi hospitali" linampita pembeni. Linalomfikia ni lile linalosema: "Degedege huweza kuletwa na malaria. Mtoto mwenye degedege apelekwe hospitali sasa hivi." Anayeeleza afya hana budi kujua kwanza watu wanauitaje ugonjwa na wanauonaje, ndipo aongeze elimu yake juu ya wanachokijua. Kuwacheka ni kuwafukuza.

Mlango wa kizazi. Tanzania ilianza kutoa chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi kwa wasichana nchi nzima mwaka 2018. Kwa kufupisha, wengine huiita "chanjo ya kizazi", na mzazi aliyesikia hivyo ana sababu ya kuuliza kama uzazi wa binti yake utaguswa. Jibu lake ni rahisi likielezwa kwa utaratibu: saratani hiyo huletwa na kirusi kinachoambukizwa kwa kujamiiana, chanjo inaufundisha mwili kukizuia kirusi hicho kabla binti hajakutana nacho, haiingii katika kizazi wala haizuii mimba. Vivyo hivyo kwa mwanamke anayechunguzwa kwa kupakwa siki maalumu kwenye mlango wa kizazi. Sehemu ikigeuka nyeupe, asiambiwe tu "umekutwa na tatizo". Aambiwe kwamba kuna mabadiliko ya awali yanayoweza kutibiwa yasije yakawa saratani, na kama daktari atataka kukata kinyama kidogo kikapimwe, aelezwe ni kwa nini na majibu yatarudi lini.

Hapa pia tunaligusa jambo la staha. Kiswahili kina tafsida, na sisi hatutaki iondoke. Bibi wa miaka 70 hasemeshwi kama kijana wa chuo, na mhudumu aliyeanza na shikamoo amekwisha kufungua nusu ya mlango. Ila tafsida ikizidi, inaficha. "Sehemu za siri" ni sehemu zaidi ya moja. Anayeambiwa apake dawa huko bila kuonyeshwa mchoro wala kutajiwa ni ndani au nje, hajaelekezwa. Staha iwe katika sauti, katika faragha ya chumba na katika kuomba radhi kabla ya kutaja. Jina la kiungo nalo litajwe.

Namba na uwezekano. Tukisema dawa fulani inapunguza hatari kwa nusu, hatujamwambia mtu kitu mpaka ajue ni nusu ya ngapi. Kutoka wagonjwa 20 hadi 10 katika kila watu 100 ni jambo kubwa. Kutoka 2 hadi 1 katika kila watu 1,000 ni jambo jingine. Wananchi wetu wanahesabu mifugo, mikopo ya vikoba na magunia ya mpunga. Wapewe namba za watu, kwamba katika watu kadhaa wangapi wataugua na wangapi watapona, nao wataamua.

Hali ya hewa. Jambo hili haliishii hospitalini. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa vuli na masika, na mara kwa mara mkulima husikia kwamba panatarajiwa "mvua za wastani hadi juu ya wastani". Wastani wa nini? Ni wa mvua za msimu kama huo katika eneo hilohilo kwa miaka 30. Akielezwa hivyo, na akaambiwa kwamba juu ya wastani huenda ikamaanisha maji kutuama mabondeni, anajua pa kupanda mpunga na pa kuepuka mahindi. Mwezi Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokikaribia kisiwa cha Mafia, walichohitaji wavuvi ni maneno yanayotendeka: usiende baharini leo wala kesho, vuta chombo chako juu, hama nyumba iliyo karibu na maji. Kasi ya upepo kwa kilomita ilikuwa na kazi yake, lakini si badala ya maneno hayo.

Utafiti. Chanjo ya kwanza ya malaria, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa watoto mwezi Oktoba 2021, ilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 15,000 katika nchi 7 za Afrika. Bagamoyo, Korogwe na Kilifi zilikuwa miongoni mwa vituo. Ni wazazi wa huko, watu wanaozungumza Kiswahili, waliokubali watoto wao washiriki. Ulimwengu unawiwa nao shukrani, na shukrani ya kwanza ni kueleweshwa. Mzazi anapoambiwa kwamba watoto "watagawanywa kinasibu katika makundi", hajaambiwa. Aambiwe: "Si daktari wala mimi ninayechagua mtoto wako apate chanjo ipi, itaamuliwa kama kura, na huenda akaangukia kundi linalopata chanjo nyingine ya kulinganishia. Ukikataa, mtoto wako ataendelea kutibiwa kama kawaida. Ukikubali leo, unaweza kujitoa kesho." Azimio la Helsinki, linaloongoza maadili ya utafiti wa tiba tangu mwaka 1964, katika marekebisho yake ya mwaka 2024 linataka mshiriki aelezwe kwa lugha nyepesi. Sisi tunaongeza: lugha hiyo nyepesi iwe ndiyo lugha yake.

MISINGI TUNAYOISIMAMIA

Kwa kuzingatia hayo, tunatamka kwamba:

1. Kuelewa ni haki. Katiba ya Tanzania, ibara ya 18, inatambua haki ya mtu kupewa taarifa kuhusu matukio muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inamtaka mtoa huduma amweleze mgonjwa hali yake, njia za tiba zilizopo, faida, hatari na gharama zake, na haki yake ya kukataa. Taarifa isiyoeleweka haijatolewa.

2. Istilahi na maelezo ni vitu viwili, na vyote vinahitajika. Istilahi sanifu ni ya kuwaunganisha wataalamu, vitabu na sheria. Maelezo ni ya kumfikia mtu. Kila istilahi inapotajwa kwa mara ya kwanza mbele ya umma, ifuatwe na maelezo yake kwa sentensi moja au mbili.

3. Lugha nyepesi si lugha pungufu. Hatuondoi ukweli ili kurahisisha. Mgonjwa wa saratani asifichwe kwa kisingizio cha kutomtisha. Aelezwe taratibu, akiwa na ndugu aliyemchagua mwenyewe.

4. Uelewa unapimwa. Mhudumu asiulize "umeelewa?", maana kwa heshima karibu kila mtu atajibu ndiyo. Aseme: "Mama, ukifika nyumbani baba watoto akikuuliza dawa hii unaimezaje, utamwambia nini?" Akikosea, kosa ni la maelezo, yarudiwe kwa njia nyingine.

5. Kiswahili ni kimoja, lakini matumizi yanatofautiana. Surua ya Mtanzania ndiyo ukambi wa Mkenya, na homa ya Nairobi mara nyingi ni mafua ya Dodoma. Kipeperushi kinachovuka mpaka kipimwe kwa wasomaji wa pande zote. Na kwa mgonjwa ambaye lugha yake ya kwanza ni Kimaasai, Kigiriama, Kisukuma au lugha ya alama, Kiswahili peke yake hakitoshi. Atafutiwe mkalimani, na mkalimani huyo asiwe mtoto wake.

WITO WETU

Kwa wizara zinazohusika na afya: kila kipeperushi, bango na ujumbe wa simu upimwe kwa watumiaji wa kawaida kabla ya kuchapishwa, na maelekezo ya dawa kwenye bahasha yaandikwe kwa saa za Kiswahili, yakiwa na michoro ya jua na mwezi kwa wasiojua kusoma.

Kwa vyuo vya udaktari, uuguzi na famasia: mawasiliano na mgonjwa kwa Kiswahili yafundishwe na kutahiniwa. Mwanafunzi asihitimu mpaka ameweza kumweleza mtu asiyesoma sayansi shinikizo la damu, kisukari, kifua kikuu na matokeo ya kipimo, na mtu huyo akaweza kurudia alichoambiwa.

Kwa BAKITA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar (BAKIZA), TATAKI na wenzao wa Kenya na nchi nyingine za Afrika Mashariki: wanaposanifu istilahi za tiba wawakaribishe mezani wauguzi, wahudumu wa afya ngazi ya jamii na wagonjwa wa muda mrefu, na kila istilahi mpya itoke ikiwa na maelezo yake ya sentensi moja kwa matumizi ya umma.

Kwa watafiti na kamati za maadili: fomu ya ridhaa isomwe kwa sauti mbele ya wanakijiji wachache kabla haijapitishwa. Fomu ambayo mjumbe wa serikali ya kijiji hawezi kuieleza kwa jirani yake irudishwe. Na matokeo ya utafiti yarudishwe kijijini kwa mkutano wa hadhara, yasiishie kwenye majarida ya nje.

Kwa wahariri na watangazaji: ripoti ya afya isirushwe hewani ikiwa mwandishi mwenyewe hawezi kueleza neno alilolitumia. Taarifa ya "utafiti umeonyesha" iseme ulifanyika kwa nani, wangapi, na kama ulikuwa kwa binadamu au kwa panya.

Kwa wananchi: ulizeni. Kumuuliza daktari si utovu wa adabu. Ondokeni chumbani mkiwa na majibu ya maswali matatu: naumwa nini, nifanye nini, na dalili gani ikitokea nirudi haraka. Mkishindwa kushika yote, ombeni yaandikwe, au nendeni na ndugu wa kuwasaidia kukumbuka.

AHADI ZETU

Tusingestahili kuwataka wengine wafanye haya bila kujifunga sisi wenyewe. Kwa hiyo tunaahidi kwamba kila andiko la afya litakalotoka kwa wanachama wetu litasomwa kwanza na msomaji asiye mtaalamu na kuhakikiwa na mtaalamu wa fani husika. Kwamba tutaandaa orodha ya maelezo mafupi ya magonjwa, vipimo na dawa zinazotumika zaidi, na kuitoa bure kwa zahanati, maduka ya dawa, shule na redio za jamii. Kwamba wanachama wetu walio wahudumu watawafundisha wenzao kazini mbinu ya kumwomba mgonjwa aeleze alichoelewa. Na kwamba tutapokea masahihisho kutoka kwa yeyote, mtaalamu au mgonjwa, na kurekebisha bila kuchelewa.

HITIMISHO

Hospitali zinajengwa, vifaa vinanunuliwa, wataalamu wanaongezeka, nasi tunayafurahia yote hayo. Lakini uamuzi wa kumeza kidonge cha saa 12 jioni, wa kumpeleka hospitali mtoto mwenye degedege, wa kumruhusu binti apate chanjo, hufanywa nyumbani, na mtu ambaye daktari hayupo naye. Uamuzi huo unategemea alichokielewa. Hiyo ndiyo sababu tunadai maelezo yahesabiwe kuwa tiba: yapangiwe muda, yafundishwe, yatengewe bajeti na yakaguliwe kama huduma nyingine yoyote. Tuko tayari kufanya kazi na kila taasisi itakayokubali kuanza.

Limetolewa na Kamati Tendaji, kwa niaba ya wanachama wote.